Nani Alikufungulia Mlango

Cephas Obare alikuwa na ugonjwa ambao hospitali zote za Migori na Homa Bay hazikuwa na dawa yake: hakuweza kufungua mlango. Mikono alikuwa nayo, yote miwili, mizima kabisa, na kwa mikono hiyo alifua, alipika na kuandika. Lakini akifika mbele ya mlango uliorudishwa, hata usio na kitasa, miguu iligoma. Alisimama pembeni kidogo, mikono nyuma, akingoja mtu aje amfungulie. Kuna siku alingoja nje ya posta mpaka mama mmoja akamuuliza kama yeye ndiye bawabu. Chumbani kwake Oruba, mjini Migori, aliung'oa mlango akatundika pazia. Mwenye nyumba alilalamika juu ya wezi, lakini wezi walichungulia mara moja, wakamhurumia na kwenda zao.

Ugonjwa huo aliutoa jela. Kwa miaka saba milango ilifunguliwa na wengine, kwa saa zao wenyewe, na mtu aliyegusa mlango bila kuambiwa alijuta. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi huko Karungu, mwalimu asiye na cheti lakini mwenye kiburi cha kuwatosha walimu watatu. Jioni moja ufuoni aligombania nyavu na mvuvi wa kijiji cha jirani. Obare alishika kasia, akapiga mara moja, na mara moja ikatosha. Hakuwahi kusema ilikuwa bahati mbaya wala kumsingizia shetani. Aliyemuuliza alimjibu, "Nilimpiga, akafa."

Gerezani, mbali huko kwenye baridi, alirudi darasani. Mtihani wa kidato cha sita aliufanya akiwa amevaa kaptula ya mfungwa, na alipotoka mwaka wa tisini na moja akaendelea kusoma kwa posta, akifundisha watoto wa watu jioni ili apate hela ya stempu, hadi akapata digrii ya sosholojia. Hakuna aliyempigia vigelegele. Siku barua ya matokeo ilipofika alinunua samaki mzima, akamla peke yake nyuma ya pazia, na mifupa akaipanga vizuri pembeni mwa sahani kwa sababu hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Mwaka wa tisini na nane, mvua za El Nino zilipokwisha kuzoa madaraja na barabara zikaanza kupitika tena, alikuja Daktari Edinah Bosibori. Huyu alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, Mkisii, Mwadventista wa kweli ambaye siku ya Jumamosi hangeshika kalamu hata aitwe na waziri. Alikuwa anachunguza kwa nini watu wanaoachiliwa jela hurudi jela. Alikwishasoma tafiti nyingi juu ya jambo hilo, zote zimeandikwa na watu waliolala kwao kila siku ya maisha yao, na alikuwa amezichoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliposikia kwamba Migori kuna msomi aliyekilalia kitanda hicho kwa miaka saba, alimfuata mpaka Oruba, akasimama nje ya pazia na kubisha hodi.

"Mwalimu Cephas, sikutafuti unisimulie yako," alimwambia. "Hadithi za jela ninazo gunia zima. Nataka tufanye kazi pamoja. Jina lako litakaa kando ya langu, kwa herufi sawa."

Obare alilifikiria jambo hilo la jina kwa siku nyingi kuliko alivyofikiria kazi yenyewe. Alikuwa na sababu yake, maana mahali pengine pa pekee ambapo jina lake lilikuwa limewekwa na watu ni chini ya udongo, nyumbani kwao Karungu, ambako alikuwa amezikwa.

*

Alivyozikwa angali hai alikuja kujua vizuri katika kazi hiyohiyo.

Kazi ilikuwa kuwatafuta waliowahi kufungwa, kuanzia Migori mpaka Magunga na visiwani Rusinga, na kuwahoji. Daktari alikuwa na maswali yake mazuri: ulifungwa kwa kosa gani, ulitoka lini, ulipata kazi gani. Watu waliyajibu haraka haraka, kama wanavyomjibu askari. Lakini walipoulizwa, "Ulirudi nyumbani lini?" walitazama chini. Obare aliielewa ile tazama-chini. Aliwaona pia walivyofika kwenye mahojiano, jitu zima na misuli yake likisimama mbele ya mlango ulio wazi nusu, mikono nyuma, likingoja. Hapo akamwomba Daktari waongeze swali moja, naye Daktari akakubali ingawa hakulielewa: "Siku uliyofika nyumbani, nani alikufungulia mlango?"

Swali hilo lilifanya kazi ambayo maswali mengine yote yalishindwa. Huko Magunga mwizi wa ng'ombe mstaafu, mtu aliyesimulia viboko huku akicheka, alilia mpaka wakamletea maji. Mwingine alisema alifunguliwa na mtoto asiyemjua, na mtoto akamwita mama yake akisema kuna mgeni. Lakini wengi walijibu neno moja tu: "Hakuna." Walipokuja kupanga majibu, ikaonekana kwamba waliosema "hakuna" ndio hao hao, karibu wote, waliofungwa tena mara ya pili na ya tatu. Daktari Bosibori aliyahesabu majibu hayo tena, mara mbili. Kisha alisema, "Mwalimu, miaka kumi nimekuwa nikiuliza habari za kazi na pombe."

Hiyo ndiyo siku pekee Obare aliyofurahi mwaka ule. Furaha yenyewe ilidumu mpaka alipofika chumbani, akakuta hakuna wa kumwambia.

Wiki iliyofuata, sokoni Migori, zamu ya kuhojiwa ikamfikia Mkuria mmoja muuza tumbaku ya kunusa, mtu wa upande wa mpakani, aitwaye Gisiri. Gisiri alimwangalia Obare, akaweka kopo lake la tumbaku chini.

"Wewe si ni ule Obare mwalimu? Tulikuwa wodi moja jela! Si ulikufa?"

"Nani alikuambia nilikufa?"

"Watu ya kwenu! Mimi nilitoka mapema, wewe ukiwa hosi na ile homa ya matumbo. Nikasema huyu ni rafiki, wacha nipeleke habari. Nikaenda mpaka Karungu na miguu. Nikaambia mama yako, 'Mama, Obare amelala.' Weh! Hiyo kilio! Nikashangaa, hawa Wajaluo wanalia namna hii kwa mtu mgonjwa tu? Hata wakanichinjia kuku."

"Gisiri, ulisema amelala, ama amelazwa?"

"Si ni moja tu?"

Si moja hata kidogo. Aliyelazwa yuko hospitali na anaweza kupelekewa uji. Lakini nyumba ya akina Obare ilikuwa ya Kiadventista, na kwa Waadventista aliyelala ni maiti anayengoja parapanda. Herufi chache alizozimeza Mkuria katika Kiswahili chake cha mpakani zilimtoa mtu uhai. Maiti haikuja, wakasema labda wenye jela wameshaizika. Wazee nao wakasema mtu asiyezikwa kwao hutangatanga na kuwasumbua walio hai. Basi wakafanya wanavyofanyiwa waliozama ziwani wasionekane: walitafuta yago, lile tunda refu, zito, la mvungunya, wakalivika sanda, wakalizika kwa jina lake. Kwaya iliimba mbele ya nyumba, wazee walichimba pembeni, na kila upande ukajifanya hauoni upande wa pili.

Obare alicheka kwa sababu ya kuku. Alimuaga Gisiri vizuri, akanunua na tumbaku ambayo hakuitumia. Jioni ile hakuwasha jiko.

*

Mwezi wa tisa Daktari Bosibori aliitisha mkutano Homa Bay, katika ukumbi wa kanisa unaotazama mlima wa Asego. Walikuja maafisa, machifu, wachungaji na mahakimu wawili. Obare alikuwa amepiga pasi suti yake ya pekee. Alifika mapema kuliko wote, na kwa sababu mlango wa ukumbi ulikuwa umerudishwa, alisimama nje mpaka Daktari alipokuja akamfungulia bila kusema kitu. Daktari alikwishaizoea hali hiyo, na alikuwa akifungua milango kana kwamba ni yeye aliyekuwa na haraka.

Obare alieleza utafiti wao kwa Kiswahili safi na kwa utaratibu. Alieleza juu ya mlango na neno "hakuna". Alipokwisha, mzee mmoja mnene aliyeketi safu ya mbele, afisa wa siku nyingi, akapiga makofi mara mbili.

"Asante sana ndugu yetu kwa ushuhuda wako wa kugusa," alisema. "Sasa tungependa kumsikia mtafiti."

Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya, kicheko cha watu wanaongojea chai. Obare aliuchukua mkoba wake. Angeweza kutaja digrii yake, lakini alijua kwamba mtu anayetaja digrii yake tayari ameshindwa.

Daktari Bosibori hakuinuka hata kitini. "Mtafiti mmekwisha kumsikia," alisema. "Mimi nilikuja kumbebea karatasi."

Baadaye walikaa barazani, nje ya kanisa, wengine wote wamekwenda. Obare alikuwa na kikombe cha chai na Daktari cha maziwa moto, maana chai kwake ilikuwa dhambi ndogo. Obare alitaka kumshukuru, lakini alipofungua mdomo, Daktari alimkatiza.

"Yule mzee hana adabu. Ila usinishukuru bado, maana nina neno ambalo halitakupendeza. Kazi yetu ina shimo."

"Shimo gani, Daktari?"

"Nimesoma mahojiano yako yote. Umewauliza waliosimama nje ya mlango. Hujamuuliza hata mmoja aliyekuwa ndani. Mama zao, wake zao, ndugu zao, wote hawamo. Kila mji uliofika, uliishia langoni. Kwa nini?"

Obare aliyapitia mahojiano yote kichwani. Alikuwa anaona ni kweli, na alikuwa anaona kwa mara ya kwanza, jambo lililomuudhi zaidi. Kinyozi hajinyoi.

"Na kuna jibu lingine halimo," Daktari aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Lako. Nani alikufungulia wewe, Mwalimu?"

"Hakuna."

"Umemuuliza nani?"

"Nilikuwepo, Daktari! Nilisikia kwa masikio haya."

"Na hao wengine wote pia walikuwepo." Alikunywa maziwa yake. "Mimi siwezi kupeleka kitabu chenye upande mmoja. Miji mingine naweza kumtuma mtu. Karungu utakwenda wewe mwenyewe. Ukikataa, sitakulazimisha, lakini itabidi niandike kwamba mtafiti mwenza hakufika, na jina langu litabaki peke yake hapo juu. Sitaki litoke hivyo."

Obare alimchukia kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Kisha chai ikaisha, na hasira nayo haikuwa na pa kukaa.

*

Ilikuwa hivi. Mwaka ule wa tisini na moja alitoka jela akaenda moja kwa moja Karungu. Njiani karibu na kwao alikutana na mzee mmoja jirani aliyetupa baiskeli yake akakimbia huku akipiga kelele kwamba Obare aliyezikwa anatembea barabarani. Hapo ndipo alipojua amezikwa. Aliona ni jambo la kuchekesha, akasema mama atacheka pia.

Mji wao ulizungushiwa ua mrefu wa minyaa, ile miti ya kijani isiyo na majani ambayo ukiikata hutoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukiingia jichoni ni balaa. Mbele palikuwa na lango lisilo hata na mlango, nafasi tu, mbuzi aliingia na kutoka. Na hapo, mbele ya lango lililo wazi, Obare akasimama, mikono nyuma. Nyumba yake ya ujana, simba yake, iliyokuwa karibu na lango, haikuwepo tena. Palikuwa na tuta refu la udongo lenye majani juu yake, kaburi lake.

Wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi walimwona, wakakimbia. Kisha mama yake akatoka jikoni, panga mkononi. Alikuwa amekonda. Alimwangalia mwanawe kwa muda mrefu, mdomo wazi. Halafu akainua panga, akalinyoosha kumwelekea, akapiga ukelele wa neno moja.

"Chien!" Na tena, "Chien, wuoda!"

Wuoda ni mwanangu. Lakini lile neno la kwanza, kwa Kiluo, ni nyuma; na likitamkwa kwa sauti tofauti kidogo ni mzuka, mfu anayerudi kuwatesa wenziwe. Obare, aliyekuwa hajasikia lugha ya mama yake kinywani mwa mama yake kwa miaka saba, alisikia yote mawili kwa pamoja: rudi nyuma, mzuka wewe. Mama akampa mgongo, akakimbilia nyuma ya nyumba na panga lake, akatoweka. Obare alingoja. Alingoja mpaka kivuli chake kikavuka lango peke yake. Hakuna aliyetokea tena. Basi akageuka, akatembea mpaka barabara ya Migori, na kuanzia siku hiyo akimwona mtu wa Karungu sokoni upande huu, yeye alivuka upande ule.

Mama yangu alinifukuza kwa panga. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema moyoni miaka yote hiyo, akifua, akipika, akiandika. Na sasa mwanamke wa Kisii anywaye maziwa alikuwa amemwambia arudi akaulize.

*

Alishuka gari Sori, pale Karungu, asubuhi ya Jumatatu, akaenda kwa miguu, mkoba begani. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimeuotesha ule ua mpaka ukampita kichwa mara mbili. Lango lilikuwa palepale, wazi palepale. Na yeye akasimama palepale. Aliiona miguu yake ikigoma, akaitukana kimyakimya, lakini haikumsikia.

Ndani ya ua mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akianika dagaa wa omena. Alikuwa Phelesia, mke wa Boaz, mdogo wake Obare. Aliinua kichwa, na ungo ukamtoka mikononi. Lakini huyu hakukimbia. Alikuja mpaka hatua chache kutoka langoni, akamkagua miguu, pengine kuona kama inagusa ardhi.

"Wewe ni shemeji yangu Cephas?"

"Ni mimi, Phelesia. Sikuja kusumbua. Nimekuja na swali moja, nikijibiwa niende." Alijaribu kuitoa sauti yake ya kazi. "Siku ile nilipofika hapa, nani... nilitaka kujua, siku ile, kuna mtu yeyote..." Sauti ya kazi ilimkimbia. "Kwa nini mama alinifukuza?"

Phelesia alifunika mdomo kwa kanga. "Mama alikufukuza? Mama?"

"Alinyoosha panga. Akasema chien."

"Ndiyo, alisema chien," Phelesia alijibu, na machozi yalikuwa yameanza kumtoka. "Shemeji, ungepita vipi hapa? Kilio chako kilitokea hapa langoni. Yago lako lilipitishwa hapa. Mtu aliyeliliwa na kupitishwa lango hili haingii tena kwa lango hili, akiingia atawaua watu. Wewe umezaliwa hapa, hujui? Huingizwa kwa nyuma, kwenye tundu jipya la ua, kama mtoto anavyozaliwa. Sisi wote tulikimbia tukijua ni mzuka. Mama peke yake ndiye alijua ni wewe. Alikuambia zunguka nyuma! Akaenda kukukatia tundu."

Obare alikuwa amezaliwa hapo, na hakujua. Au alijua zamani, akiwa kijana wa kiburi aliyeyaita mambo hayo ushenzi, na jela ikamalizia kumsahaulisha.

"Alikata kwa haraka," Phelesia alisema. "Hakufunika uso. Utomvu ukamrukia. Nilipotoka mafichoni jioni nilimsikia akilia huko nyuma, nikamkuta amepiga magoti, tundu ameshalimaliza, ananiambia, niache mimi, mwite mtoto aingie. Nikatoka mbio mpaka hapa langoni. Hapakuwa na mtu. Nikawa na mimi nadhani tumeona mzuka."

"Jicho..."

"Yote mawili. La kushoto lilikufa mwezi uleule. La kulia linaona mwanga tu."

Obare aliwakumbuka wote walioketi mbele yake wakasema "hakuna", na yeye akitikisa kichwa kwa uelewano mkubwa, msomi aliyekilalia kitanda, asiinuke hata mara moja kwenda kuuliza nyuma ya nyumba.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko wapi? Yuko huko nyuma. Hukaa hukohuko. Boaz amechoka kugombana naye, majirani wamechoka, mbuzi wa watu wanaingia kila siku kula mihogo yetu. Kila mvua, minyaa ikianza kuziba, ananituma nikate. Nifunike uso kwanza, ananiambia." Phelesia alinyoosha mkono wake, kama mama alivyonyoosha panga siku ile. "Zunguka nyuma, shemeji."

Alizunguka. Ua ulikuwa mrefu, na upande wa nje njia ilikuwa imejaa magugu, lakini alipofika nyuma magugu yalikatika, akaona kinjia chembamba kilichokanyagwa na mbuzi. Kinjia kiliishia kwenye tundu chini ya ua, la kumtosha mtu mzima akitambaa. Kingo zake zilikuwa zimekatwa karibuni, na utomvu ulikuwa bado haujakauka vizuri.

Halikuwa na mlango. Hata hivyo alisimama mbele yake, mikono nyuma.

Ndani, kwenye kigoda, upande wa kulia wa tundu, aliketi bibi kizee akichambua mboga kwa vidole. Uso wake uligeukia kwenye sauti ya nyayo.

"Huyo si mbuzi," alisema.

Mama alisikiliza pumzi ya Obare. Kisha aliweka mboga chini, akajifuta mikono kwenye nguo.

"Mbona umekawia?" aliuliza. "Nilikuambia nyuma."

"Nilisikia vibaya, Mama."

"Nyinyi watu wa shule." Alinyoosha mikono yote miwili mbele, ikawa inatafuta hewani, chini, karibu na tundu. "Ingia. Tanguliza kichwa. Na ufumbe macho, hiyo miti haina adabu."

Obare alipiga magoti na suti yake. Kwa mazoea ya kazi alitanguliza mkoba, mkoba wenye majibu ya watu wote wale, akausukuma tunduni. Mikono ya mama iliupapasa, ikaujua si kichwa, ikaurudisha nje.

"Huo uache hukohuko," mama alisema. "Mtoto hazaliwi na mkoba."

Aliuacha kwenye majani. Akafumba macho, akainamisha kichwa, na bila kungoja kuambiwa mara ya pili, akaingia.